Moduli ya Young ya chuma imetoka gigapaskali 20 badala ya 200: kosa langu liko wapi?

Mwanafunzi wa Mitambo (muulizaji)

Habari za wakati huu, wataalamu. Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi wa mitambo, mwaka wa pili, na juma lililopita kundi letu lilifanya kwa mara ya kwanza jaribio la kuvuta metali hadi zikatike. Tulipewa vipande vitatu vilivyokerezwa kwa umbo moja: kimoja cha chuma laini, yaani chenye kaboni kidogo, kimoja cha aloi ya alumini, na kimoja cha chuma cha kusubu. Kila kipande kilikuwa na kipenyo cha milimita 10 katika sehemu yake nyembamba, nasi tukakigonga alama mbili kwa senta panchi, umbali kati yake ukiwa milimita 50. Msimamizi wa maabara alikifunga kwenye taya za mashine, boriti ya juu ikaanza kupanda polepole, na kompyuta ikawa inaandika nguvu pamoja na umbali ambao boriti ilikuwa imesogea.

Kwa chuma laini, nguvu ilipanda hadi kilonyutoni 22.8, ikashuka kidogo kwa ghafla, ikayumbayumba hapo huku boriti ikiendelea kupanda, kisha ikaanza kupanda tena taratibu hadi 34.6. Kuanzia hapo kipande kilijifinya kiuno mahali pamoja, nguvu ikawa inapungua, na kilipokatika, kwa mlio uliotushtua ingawa sote tulikuwa tukiungoja, kompyuta ilikuwa inasoma 25.1. Nilivishikanisha vipande viwili vilivyobaki nikapima kwa kalipa ya vernia: umbali kati ya alama ulikuwa umefikia milimita 65.5, na kipenyo cha kiuno kilikuwa milimita 6.1. Alumini haikuwa na ule mshuko wa ghafla hata kidogo. Grafu yake ilipinda polepole hadi kilonyutoni 24.3. Chuma cha kusubu kilikatika kwa kilonyutoni 15.7 bila onyo lolote, tena si katikati bali karibu kabisa na bega la kipande, pale sehemu nyembamba inapopanuka kuwa kichwa.

Tatizo langu kubwa ni moduli ya Young, yaani kipimo cha ukakamavu wa metali. Nilichukua sehemu ya grafu ya chuma laini iliyonyooka, kati ya kilonyutoni 5 na 20, ambapo boriti ilisogea milimita 0.47. Eneo la mkato ni milimita mraba 78.54, kwa hiyo mkazo, yaani nguvu kugawanywa kwa eneo, uliongezeka kwa megapaskali 191. Nikagawanya 0.47 kwa 50 nikapata uwiano wa kurefuka wa 0.0094, na moduli ikawa gigapaskali 20.3. Vitabu vyote vinasema chuma kina takriban 200 hadi 210. Nimerudia hesabu mara nne, nimehakiki vipimo, nimebadilisha kilonyutoni kuwa nyutoni kwa uangalifu, na jibu halibadiliki. Kwa alumini, kati ya kilonyutoni 5 na 12 boriti ilisogea milimita 0.26, nami nikapata gigapaskali 17.1, wakati kitabu kinasema karibu 70.

Wenzangu wawili katika kundi wanasema tumekosea sifuri moja mahali fulani, na kwamba tuandike 203 tuendelee na mambo mengine. Mimi sioni hiyo sifuri iko wapi, wala sioni sifuri gani ingeitoa alumini kutoka 17 hadi 70. Je, mashine ni mbovu? Je, na ule mkazo wa juu kabisa niliokokotoa, megapaskali 440, nao hauaminiki? Na kwa nini nguvu ilishuka mwishoni, ilhali chuma kilikuwa bado kinapambana? Naomba kuelekezwa.

Fundi wa Maabara

Ndugu mwanafunzi, hesabu yako ni sahihi na mashine yenu, kwa jinsi ulivyoeleza, ni nzima. Ulichokosea ni kudhani kwamba zile milimita 0.47 ni za kipande.

Jiulize ni vitu gani vilivyokuwa kwenye mnyororo uliokuwa ukivutwa. Kulikuwa na boriti ya juu, ambayo ilinepa katikati. Kulikuwa na nguzo za mashine, ambazo zilibanwa kidogo. Kulikuwa na kipima nguvu, ambacho chenyewe hufanya kazi kwa sababu kinabadilika umbo. Kulikuwa na taya zilizokuwa zikizidi kuingia kwenye makazi yake na meno yake kuzama ndani ya vichwa vya kipande. Kulikuwa na vichwa na mabega yenyewe. Na mwisho kabisa kulikuwa na zile milimita 50 ulizozipigia alama. Kompyuta haikuwa na njia ya kutofautisha. Iliandika jumla ya yote, nawe ukaitoza sehemu moja deni la mnyororo mzima.

Sasa piga hesabu kutoka upande wa pili. Ikiwa moduli ya chuma ni gigapaskali 205, basi mkazo wa megapaskali 191 unazirefusha milimita 50 kwa milimita 0.047 tu, ambao ni karibu unene wa unywele mwembamba. Boriti yako ilisogea mara kumi ya hapo. Kwa maneno mengine, katika kila sehemu kumi za mwendo ulioupima, sehemu tisa hazikuwa za kipande chako, na wenzako wanaotafuta sifuri iliyopotea wamedanganywa na sadfa ya mara kumi. Mashine nyingine ingewapa mara sita, au mara kumi na tano, na wasingepata sifuri ya kusingizia.

Dalili ilikuwa ndani ya matokeo yako mwenyewe, hata kama hapangekuwa na kitabu. Chuma kimekupa 20.3 na alumini 17.1. Mtu yeyote aliyewahi kupinda waya wa chuma na waya wa alumini wenye unene mmoja anajua kwa mikono yake kwamba ukakamavu wa viwili hivyo haukaribiani. Vipimo viwili vya vitu tofauti vikikaribiana kiasi hicho, shuku kwamba kuna kitu cha tatu kinachopimwa katika vyote viwili, na hapa kitu hicho ni mnepo wa mashine.

Kuhusu hofu yako ya megapaskali 440, iondoe. Nguvu katika mnyororo ni ile ile kuanzia taya ya chini hadi taya ya juu, kwa hiyo mnepo wa mashine hauwezi kuibadilisha. Ukiigawanya kwa eneo la mkato la mwanzo, unapata mkazo wa kawaida ambao vitabu huutaja. Mkazo wa kulegea nao, yaani ule ambao chuma huanza kubadilika umbo bila kurudi, kilonyutoni 22.8 kwa milimita mraba 78.54, ambao ni megapaskali 290, uko salama. Kurefuka kwa mwisho, kutoka 50 hadi 65.5, ni asilimia 31, nako kuko salama kwa sababu ulikupima kwa vernia juu ya kipande chenyewe, si kwa boriti. Katika ripoti nzima, ni moduli peke yake iliyoharibika, kwa sababu ndiyo peke yake inayotegemea mrefuko mdogo kabisa uliosomwa mbali na mahali unapotokea.

Nikupongeze kwa jambo moja ambalo huenda ulilifanya bila kujua thamani yake, yaani kuanzia kilonyutoni 5 badala ya sifuri. Mwanzo wa grafu huwa na mkunjo, kwa sababu taya zinajikaza na nafasi ndogondogo zinajifunga. Wanaoanzia sifuri hupata moduli mbaya kuliko yako.

Dawa ni ekstensometa, kifaa kidogo chenye ncha mbili kinachofungwa juu ya kipande chenyewe na kusoma mrefuko wa sehemu iliyo kati ya ncha hizo tu, hata boriti ikinepa namna gani. Ulizeni kama maabara yenu inacho. Mara nyingi kipo kabatini, na hakitolewi kwa ajili ya madarasa ya mwaka wa pili kwa sababu ni ghali na huharibika kipande kikikatika kabla hakijaondolewa.

Na msiandike 203. Andikeni 20.3, kisha elezeni kwa nini.

Mwaka wa Nne

Naunga mkono maelezo ya Fundi, ila naona unaweza kuokoa kitu katika data uliyo nayo bila kurudia jaribio. Ichukulie mashine na kipande kama springi mbili zilizofungwa moja nyuma ya nyingine. Springi za namna hiyo hujumlisha minepo yake, yaani milimita kwa kila kilonyutoni.

Kwa chuma, mnepo wa jumla ni 0.47 kugawanywa kwa 15, sawa na milimita 0.0313 kwa kilonyutoni. Mnepo wa milimita 50 za chuma chenye moduli ya 205 ni 0.0031. Kinachobaki, 0.0282, ni cha mashine. Mashine haikubadilika ulipofunga alumini, kwa hiyo toa 0.0282 hiyo kwenye mnepo wa jumla wa alumini, kisha tafuta moduli kutokana na kinachobaki. Sisi tulifanya hivyo katika mradi wetu na majibu yalikuwa ya kuridhisha.

Mwanafunzi wa Mitambo (muulizaji)

Nawashukuru sana. Nimefanya kama Mwaka wa Nne alivyoelekeza. Mnepo wa jumla wa alumini ni 0.26 kugawanywa kwa 7, yaani 0.0371, nikitoa 0.0282 inabaki 0.0089, na moduli inakuwa gigapaskali 71! Sikutegemea kabisa kwamba ile 17 ingeweza kugeuka kuwa jibu la kitabuni kwa kutoa namba moja tu. Nafikiri nitaliweka hili kwenye ripoti kama matokeo yetu rasmi ya alumini, isipokuwa kama kuna mwenye pingamizi.

Fundi wa Maabara

Ninalo pingamizi, na samahani kwa kukuharibia furaha.

Njia ya springi mbili ni sahihi kwa msingi wake, nami huitumia ninapotaka kujua tabia ya mashine. Lakini tazama ulichokifanya: umechukua namba mbili zinazokaribiana, 0.0371 na 0.0282, ukatoa moja kwenye nyingine, na jibu lako lote limesimama juu ya tofauti ndogo iliyobaki. Ulisoma mwendo wa boriti kwa usahihi gani? Ukiwa umekosea kwa milimita 0.01 tu katika ile 0.26, basi badala ya 71 utapata karibu 62 upande mmoja au 85 upande mwingine. Hapo sijagusa kosa katika usomaji wa chuma, ambalo nalo lingeingia humo humo.

Kisha kuna urefu. Uligawanya kwa 50 kwa sababu ndiyo umbali kati ya alama zako, ilhali boriti haijui alama zako. Sehemu nyembamba ya kipande kilichokerezwa kwa kawaida huzidi alama kwa kila upande. Tuseme ilikuwa milimita 60. Rudia hesabu yote kwa 60, chuma na alumini, na ile 71 yako nzuri inakuwa 80. Mabega nayo si mashine. Ni ya alumini kipande kikiwa cha alumini na ya chuma kikiwa cha chuma, kwa hiyo ile kauli kwamba mashine haikubadilika ni ya kweli nusu. Jibu limegusa kitabu kwa bahati, na nina hakika lingetoka 85 usingelipenda hivi wala usingefikiria kuliita rasmi.

Liweke kwenye ripoti kama makadirio, pamoja na mipaka yake. Wala usijaribu kwa njia hiyo kupata moduli ya chuma, maana 205 uliiingiza mwenyewe kwenye hesabu mwanzoni. Itakutokea vile vile ulivyoiingiza.

Kwa upande wa alumini kuna kitu kimoja mnepo wa mashine haukukuharibia, nami nakitaja kwa kuwa wengi hukiogopa bure. Metali isiyo na mshuko wa ghafla hupimwa mkazo wake wa kulegea kwa kuchora mstari sambamba na sehemu iliyonyooka ya grafu, ukiwa umesogezwa kwa asilimia 0.2 ya urefu wa kipimo, yaani milimita 0.1 kwa urefu wako wa 50, na kuangalia unapokatiza grafu. Kwa kuwa mashine hunepa kwa mstari ulionyooka, imeuinamisha mstari wako na grafu yako kwa kiasi kile kile, na mahali vinapokutana panabaki karibu pale pale. Sharti ni kwamba mstari uchorwe kwa mwinamo ulioupima, ule wa 17, na taya zisiwe zimeteleza. Ukiuchora kwa mwinamo wa 70 wa kitabuni juu ya grafu ya boriti, utapata upuuzi.

Mhandisi wa Zamani

Nimefuatilia mjadala huu kwa furaha, kwa kuwa nilitumia miaka mingi nikivunja vyuma vya watu kwa ajira. Muulizaji aliuliza mambo mengine mawili ambayo yamesahaulika: kwa nini nguvu ilishuka mwishoni, na vipi kuhusu chuma cha kusubu.

Nguvu ilishuka, mkazo haukushuka. Wewe umegawanya kila kitu kwa eneo la mwanzo, ambalo mwishoni halikuwapo tena. Kiuno chako kilikuwa na kipenyo cha milimita 6.1, yaani eneo la milimita mraba 29.2 tu, gawanya kilonyutoni 25.1 kwa hilo, upate karibu megapaskali 860, ambayo inakaribia mara mbili ya 440 unayoiita kilele. Tarakimu hiyo nayo si safi kabisa, kwa kuwa ndani ya kiuno chuma hakivutwi upande mmoja pekee, lakini inatosha kuonyesha kwamba chuma hakikudhoofika. Kinapovutwa kupita kiwango cha kulegea, mambo mawili hushindana: chuma kinazidi kukakamaa kwa kuvutwa kwenyewe, na eneo lake linazidi kupungua. Mpaka kilonyutoni 34.6, kukakamaa kulikuwa kunashinda, na sehemu yoyote iliyotangulia kuwa nyembamba ilijiimarisha na kuwaachia majirani zamu. Baada ya hapo kupungua kwa eneo kulishinda, na sehemu iliyotangulia ndiyo iliyobeba mzigo wote hadi mwisho. Mfaransa Armand Considère alilieleza hilo mwaka 1885, na bado sijaona maelezo bora zaidi.

Ule mshuko wa ghafla wa kilonyutoni 22.8 una chanzo kingine. Chuma hubadilika umbo kwa kuhama kwa dosari ndogo zilizomo katika mpangilio wa atomu zake, na katika chuma laini atomu za kaboni na naitrojeni hujikusanya kuzizunguka dosari hizo na kuzishika. Inahitajika nguvu ya ziada kuzing'oa, na zikishang'oka zinatembea kwa nguvu ndogo zaidi, ndiyo maana uliona mshuko kisha kuyumbayumba. Watafiti Cottrell na Bilby waliandika nadharia hiyo mwaka 1949. Kipande kikiwa kimesuguliwa hadi king'ae, unaweza kuona kwa macho mistari ya mshazari ikitambaa juu yake wakati ule ule grafu inapoyumba. Safari nyingine tazama kipande, si kompyuta.

Chuma cha kusubu ni habari nyingine. Ndani yake, kwa aina ya kijivu iliyo ya kawaida, kaboni imejitenga kama vipande vyembamba vya grafiti, na kila kimoja kinafanya kazi ya ufa uliotengenezwa tayari. Ndiyo sababu hakikuwa na kiuno, na ndiyo sababu uso wa mvunjiko wake ni wa kijivu, tambarare na wenye chembechembe, tofauti na wa chuma laini uliojitengeneza kikombe upande mmoja na koni upande wa pili. Ukikibana badala ya kukivuta, nyufa hizo hufumbwa, nacho hubeba mara tatu au nne ya hapo. Kwa mkazo wa kuvuta ulipata megapaskali 200, ambayo ni ya kawaida kwake, lakini nisingeitia sahihi. Kipande kilichokatikia begani kinakuambia kuhusu bega: pengine kona ilikerezwa kwa ukali mno, pengine taya hazikuwa kwenye mstari mmoja na kipande kikapindwa kikivutwa. Chuma laini husamehe upogo wa namna hiyo, kwa maana hulegea kidogo mahali palipoelemewa na kujinyoosha. Chuma cha kusubu hakisamehi. Vunjeni vipande vitatu au vinne zaidi, mkiangalia kwanza mkao wa taya.

Nawaongezea kisa kidogo, ingawa kinatoka kidogo nje ya swali. David Kirkaldy, Mskoti aliyefungua maabara ya kupima metali jijini London mwaka 1866, alichonga juu ya mlango wa jengo lake la mtaa wa Southwark maneno yenye maana ya "ukweli, si maoni". Yeye ndiye aliyesisitiza kabla ya wengi kwamba haitoshi kuandika nguvu iliyokata chuma, bali lazima upime pia kiuno baada ya kukatika, kwa sababu chuma viwili vinaweza kukatika kwa nguvu moja, kimoja kikiwa kimekuonya na kingine kikiwa hakikukuonya. Ile 6.1 uliyoipima kwa vernia ni namba ambayo wanafunzi wengi huisahau. Inatoa upungufu wa eneo wa asilimia 63, nami ningekuwa mnunuzi wa chuma hicho ningeiuliza kabla ya kuuliza moduli, ambayo katika chuma cha aina yoyote haibadiliki sana.

Mwanafunzi wa Mitambo (muulizaji)

Narudi na taarifa baada ya siku tisa, kwa kuwa naona si vizuri kuchukua msaada wa watu na kupotea.

Ekstensometa ilikuwapo, na kama Fundi alivyobashiri, ilikuwa kabatini. Msimamizi wa maabara alikubali tuitumie kwa sharti kwamba tusizidi kilonyutoni 20 kwa chuma na 12 kwa alumini, kisha tuishushe nguvu, tuondoe kifaa, na ndipo tuamue kama tunataka kukata kipande. Kwa hiyo tulivuta kipande kile kile mara kadhaa bila kukiharibu.

Mara ya kwanza kwa chuma, kati ya kilonyutoni 5 na 20, kifaa kilisoma milimita 0.039, ambayo inatoa gigapaskali 245. Nilikata tamaa kidogo, maana safari hii tulikuwa tumepita kitabu badala ya kupungua. Msimamizi hakusema kitu. Alikizungusha tu kifaa hadi upande wa pili wa kipande na kutuambia turudie. Kilisoma 0.053, yaani gigapaskali 180. Ndipo alipotuonyesha kwamba kipande kilikuwa kinapindwa kidogo sana kikivutwa, upande mmoja ukirefuka kuliko mwingine, na kifaa kinachoshika upande mmoja husoma upande huo tu. Wastani wa pande mbili ni 0.046, na moduli ni gigapaskali 208. Kwa alumini, kwa njia hiyo hiyo ya pande mbili, wastani ulikuwa milimita 0.064 kwa kilonyutoni 7, ambayo ni karibu gigapaskali 70. Upogo uliotukata chuma cha kusubu begani, kama alivyoeleza Mhandisi, nadhani ndio huo huo. Alipofungua taya ya chini alikuta kipande cha chuma chembamba kimekwama nyuma yake, na tumevunja vipande vitatu vingine vya chuma cha kusubu tangu kilipoondolewa. Viwili vilikatikia kati ya alama. Cha tatu kilikatikia begani tena, na sababu yake hatujaipata.

Tulipima pia sehemu nyembamba ya vipande vilivyobaki. Ni milimita 62, si 50 wala 60, kwa hiyo ile 71 niliyoifurahia haikuwa na msingi niliodhani. Nimeiacha kwenye ripoti ndani ya sehemu ya makadirio, pamoja na ile 20.3 ya mwanzo, na jedwali linaloonyesha kila milimita ilikokwenda. Mmoja wa wale wenzangu wawili ameniomba nimweleze ule mnyororo tena kabla ya siku ya kuwasilisha, kwa sababu ni yeye aliyepangiwa kuieleza sehemu hiyo.

Fundi wa Maabara

Kipande cha tatu, pimeni mviringo wa bega lake na mlinganishe na la vile viwili. Kikerezo kilichochakaa huacha kona kali kwenye kipande cha mwisho cha siku.